Madaraka ya Kuazimwa: Kuisoma Ruy Blas ya Victor Hugo Darasani

Mwalimu akiingia darasani na tamthilia ya Kifaransa ya mwaka 1838, iliyotungwa kwa mashairi, yenye malkia, makabaila, barua za siri na sumu, mwanafunzi ana haki ya kumwuliza: mambo haya yanatuhusu nini? Swali hilo lisichukuliwe kuwa utovu wa adabu. Ni swali la itikadi, nalo lastahili kujibiwa kwa makini.

Yako majibu mawili ambayo hutolewa upesi, na yote mawili ni mabovu. La kwanza husema kwamba kazi hii ni johari ya Ulaya, kwa hiyo kila aliyeelimika hana budi kuijua. Hiyo ni kasumba: mtu anakiheshimu kitabu kwa sababu ya mahali kilikotoka, kabla hajakifungua. Jibu la pili husema kwamba kazi hii ni ya mabwanyenye, kwa hiyo itupwe. Huo ni uvivu wa fikra uliovaa joho la mapinduzi. Anayeisujudia na anayeitupa wote wawili hawajaisoma.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba Ruy Blas ya Victor Hugo yafaa kusomwa na kada na mwanafunzi kwa sababu inaeleza, kuliko hotuba nyingi, hatari ya madaraka ya kuazimwa. Yaani madaraka ambayo mtu wa chini hukabidhiwa na bwana wake, kwa jina la bwana, kwa kazi ya bwana. Yanakusudia pia kuonyesha mahali ambapo mwandishi mwenyewe alikwama, maana mahali hapo panatuhusu sisi Waafrika moja kwa moja.

JAMII ILIYOUZAA MCHEZO

Kazi ya sanaa haidondoki toka mbinguni. Julai 1830 wananchi wa Paris walipigana mitaani kwa siku tatu wakamng'oa mfalme Charles wa Kumi. Waliosimama kwenye vizuizi wengi walikuwa mafundi, vibarua na wanafunzi. Waliovuna walikuwa wenye mabenki na wenye mali, ambao walimweka kitini Louis-Philippe. Chini ya utawala huo mtu hakuweza kupiga kura mpaka awe analipa kodi ya faranga 200 kwa mwaka. Katika nchi yenye watu zaidi ya milioni 32, wapiga kura wa mwaka 1831 hawakufika 200,000. Novemba mwaka huo huo wafuma hariri wa Lyon waliinuka kudai bei ya haki kwa kazi yao, wakainuka tena Aprili 1834. Mara zote mbili walipelekewa jeshi. Septemba 1835 serikali ikarudisha sheria ya kukagua michezo ya kuigiza kabla haijaonyeshwa.

Ndani ya hali hiyo ndimo Hugo alimoandika. Alizaliwa mwaka 1802, mtoto wa mwanajeshi aliyepanda hadi kuwa jenerali katika majeshi ya Napoleon. Ujanani alikuwa mfuasi wa wafalme, akapokea hata posho ya mfalme. Alikuwa mwasi katika sanaa kabla ya kuwa mwasi katika siasa. Mwaka 1827, katika dibaji ya tamthilia yake Cromwell, alizishambulia sheria za urasimi zilizotaka mchezo wote utendeke mahali pamoja, kwa muda usiozidi siku moja, na kicheko kisichanganywe na kilio. Yeye na wenzake wa mkondo wa ulimbwende walitaka jukwaa liwachukue watu kama walivyo: mkubwa na mdogo, mzuri na mbaya, kwa pamoja.

Msomaji wa Kiswahili ataelewa upesi sehemu moja ya ugomvi huo. Mstari wa tamthilia ya Kifaransa una mizani 12, sita kwa sita, kama mshororo wa shairi letu ulivyo na mizani 16, nane kwa nane. Urasimi ulitaka maana itue pale kipande kinapotua. Hugo aliukata mstari mahali pasipotazamiwa, akaivusha sentensi toka mstari mmoja hadi mwingine, akaingiza maneno ya kila siku katika vinywa vya wafalme. Hernani ilipoonyeshwa kwa mara ya kwanza tarehe 25 Februari 1830, ukumbi uligawanyika, hawa wakizomea na hawa wakishangilia. Anayekumbuka mabishano ya washairi wetu juu ya vina na mizani katika miaka ya 1970 hatashangaa kwamba watu wanaweza kugombana kwa ajili ya kituo cha mstari.

Lakini wenye serikali hawakuogopa mizani. Waliogopa maana. Marion de Lorme ilikatazwa mwaka 1829. Le roi s'amuse ilisimamishwa mwaka 1832 baada ya usiku mmoja tu. Hugo akajifunza kuyasogeza mbali mambo ya karibu. Ruy Blas, iliyofungua ukumbi wa Théâtre de la Renaissance huko Paris tarehe 8 Novemba 1838, imewekwa Hispania mwishoni mwa karne ya 17, zama za mfalme mgonjwa Charles wa Pili. Mwigizaji mkuu alikuwa Frédérick Lemaître, kipenzi cha watazamaji wa kawaida wa Paris. Watu wale walijua kuunganisha Madrid ya zamani na Paris yao.

KISA CHENYEWE

Don Salluste, kabaila mkubwa, amefukuzwa katika baraza la mfalme kwa sababu amemharibu msichana wa malkia akakataa kumwoa. Anataka kisasi. Anaye mtumishi wa nyumbani, Ruy Blas, kijana mwenye akili ambaye kwa siri anampenda malkia. Salluste anamvika mtumishi huyo mavazi ya kikabaila, anampa jina la binamu yake, Don César, na kumwingiza ikulu. Don César wa kweli, fukara mwenye majivuno aliyekataa kushiriki katika hila dhidi ya mwanamke, anakamatwa na kuuzwa kwa maharamia wa Afrika ya Kaskazini. Kabla ya yote Salluste amemfanya Ruy Blas aandike karatasi mbili kwa mkono wake. Moja ni wito wa kimapenzi. Nyingine ni tamko kwamba yeye ni mtumishi wa Don Salluste na ataendelea kumtumikia kwa uaminifu.

Miezi sita baadaye Ruy Blas ni waziri mkuu. Anawakuta mawaziri wakigawana kodi za nchi kama mafisi juu ya mzoga, na anawakemea vikali. Malkia, aliyekuwa akisikiliza mahali pa siri, anatokea na kumweleza kwamba anampenda. Ndipo Salluste anaporudi. Kwa ile karatasi ya kwanza anamvuta malkia mtegoni ili amwaibishe na kumlazimisha aache ufalme. Mwishowe Ruy Blas anamwua Salluste na kunywa sumu. Malkia anamsamehe na kumwita kwa jina lake halisi, naye anakufa akishukuru.

HOTUBA NA LESO

Shuleni Ufaransa tamthilia hii imesomwa na vizazi vingi, na mara nyingi imesomwa kwa madondoo. Dondoo maarufu kuliko yote ni ile hotuba ya Ruy Blas mbele ya mawaziri, katika sehemu ya tatu. Si ajabu. Ni hotuba kali dhidi ya ulaji wa mali ya umma. Anawaambia kwamba nchi inakufa na wao wanaiba wakiwa kando ya kaburi. Kwamba kwa miaka ishirini wananchi maskini wamekamuliwa jasho la milioni 430 za dhahabu, na jasho hilo limeishia katika anasa za wakubwa. Kijana yeyote akiisikia damu humchemka.

Mwalimu akikomea hapo, atakuwa amewapotosha wanafunzi. Katika sehemu hiyo hiyo ya tatu, kabla pazia halijashuka, Salluste anaingia. Safari hii yeye ndiye aliyevaa sare ya mtumishi, na Ruy Blas ndiye aliyevaa mavazi ya mkubwa. Salluste anasema kuna baridi, anamwamuru waziri mkuu akafunge dirisha. Ruy Blas anakwenda kulifunga. Anaangusha leso yake, anamwamuru aiokote. Anainama kuiokota.

Hapo ndipo penye fundisho la mchezo mzima. Hotuba inatuonyesha mtu mwenye maarifa, uaminifu na ujasiri, na leso inatuuliza maarifa hayo yamesimama juu ya nini. Ruy Blas hana chama, hana jeshi, hana wenzake. Wapo watumishi wengi Madrid wavaao sare kama aliyoivaa yeye jana, lakini hakuna hata mmoja anayejua kwamba mwenzao anatawala, wala yeye hajawatafuta. Jina analotumia si lake. Cheo amekipata kwa barua ya mtu mwingine. Kwa hiyo siku mwenye jina anaporudi, cheo chote hakina uzito wa kipande cha kitambaa sakafuni.

Tuangalie pia jinsi Hugo alivyoyabadilisha mavazi. Bwana amevaa sare ya mtumishi na bado ni bwana. Mtumishi amevaa nishani na bado ni mtumishi. Utawala haukai katika vazi. Unakaa katika uhusiano: nani anamiliki, nani anamwamuru nani, na nani ameshika karatasi ya nani. Wako viongozi wengi katika karne ya 20 waliopewa bendera na wimbo wa taifa huku karatasi ikibaki mfukoni mwa bwana wa zamani. Hatuna haja ya kuwataja, msomaji anawajua.

ELIMU ILIYOZAA MWOTA NDOTO

Mwanafunzi ataona jambo jingine mapema kabisa, katika sehemu ya kwanza. Ruy Blas anapomsimulia Don César maisha yake, anasema kwamba alikuwa yatima aliyelelewa shuleni kwa huruma, akalishwa elimu na majivuno, na kwamba badala ya kumfanya mfanyakazi walimfanya mwota ndoto. Njaa ndiyo iliyomfikisha katika utumishi. Alikaa akitazama majumba ya wakubwa wakipita na magari yao, akiwaza juu ya mambo makuu ya dunia, mikono ikiwa mitupu.

Maneno hayo yaliandikwa karibu miaka 130 kabla ya Elimu ya Kujitegemea ya Machi 1967, kwa nchi nyingine na kwa nia nyingine. Hata hivyo ugonjwa ni ule ule. Elimu inayomtenga kijana na kazi za watu wake haimpi njia ila mbili: kuwatumikia wakubwa au kutamani kuwa mmoja wao. Ruy Blas alipita njia zote mbili. Hata mapenzi yake kwa malkia si jambo la moyo peke yake. Ndani yake mna kiu ya mtu wa chini kutambuliwa na waliomzidi.

Katika dibaji ya mchezo, Hugo mwenyewe alieleza kwamba Ruy Blas anawakilisha umma, wenye mustakabali lakini hauna sasa yake, maskini wenye akili wanaotazama juu. Hapana budi tumheshimu kwa kusema hivyo mwaka 1838, wakati umma ulikuwa umenyimwa hata kura. Lakini hapana budi pia tumuulize: umma gani huu ambao ni mtu mmoja? Wafuma hariri wa Lyon walikuwa wamekwisha kuonyesha umma unavyosimama, maelfu kwa pamoja, wakidai jambo linalohesabika. Hugo aliuona umma kama shujaa mpweke anayesubiri jicho la malkia. Ndiyo maana mwisho wa mchezo mtu mmoja amesamehewa, na Hispania imebaki kama ilivyokuwa.

BIDHAA MOJA KATIKA ORODHA

Sasa twende kwenye mstari ambao msomaji wa haraka huuruka. Mawaziri wanapogawana mapato, mabishano yao ni kama ya wachuuzi mnadani: huyu anataka kodi ya chumvi, yule tumbaku, huyu nili. Katikati ya mapatano hayo waziri mmoja anamwomba mwenzake ampe aseniki, na yeye atamwachia watu weusi. Ni mstari mmoja tu. Watu weusi wametajwa kama ushuru, kati ya sumu na viungo, kisha mazungumzo yanaendelea.

Hugo aliuandika mstari huo kwa dhihaka, ili tuwachukie mawaziri, na kihistoria hakukosea. Taji la Hispania lilikuwa likikodisha leseni ya kupeleka watumwa wa Kiafrika katika makoloni yake ya Amerika. Mwaka 1701 leseni hiyo ilishikwa na kampuni ya Kifaransa, na mwaka 1713 ikaenda kwa Waingereza. Lakini hotuba ya Ruy Blas inayofuata haiwagusi watu hao. Anawalilia wananchi wa Hispania, na pia analilia makoloni yaliyopotea, akimwita mfalme wa zamani Charles wa Tano afufuke kuiokoa milki. Mtumishi amevaa vazi la bwana na, pamoja na vazi, amevaa fikra za bwana. Anataka milki isafishwe wezi. Hajauliza milki yenyewe ilipatikanaje.

Tulinganishe na Don César. Kabaila huyu naye ameuzwa utumwani. Lakini yeye ana jina, ana vichekesho, na katika sehemu ya nne anarudi kwa kushuka ndani ya dohani, ukumbi mzima ukicheka kwa furaha. Wale waliobadilishwa kwa aseniki hawana jina wala hawarudi.

Jambo hili halikuwa la Hispania ya kale tu. Usiku ule wa Novemba 1838 utumwa ulikuwa bado halali katika makoloni ya Ufaransa: Martinique, Guadeloupe, Guyane na kisiwa cha Bourbon, yaani Réunion. Katika kisiwa hicho walikuwamo watu waliotoka pwani yetu ya Afrika ya Mashariki. Tangu mwaka 1776 Mfaransa Morice alikuwa ameandikiana mkataba na Sultani wa Kilwa wa kupatiwa watumwa 1,000 kila mwaka. Ufaransa ilifuta utumwa Aprili 1848, na Desemba mwaka huo watu wapatao 62,000 wakatangazwa huru huko Réunion. Kwa hiyo mstari ule mmoja wa Ruy Blas una jamaa zetu ndani yake. Mwanafunzi wa Kilwa anayeuliza mchezo huu unamhusu nini, jibu lake la kwanza liko hapo.

MSHAIRI NA AFRIKA

Hugo hakubaki alipokuwa mwaka 1838. Juni 1848, akiwa mbunge, alisimama upande wa serikali dhidi ya wafanyakazi wa Paris walioinuka. Baadaye aligeuka. Alimpinga Louis-Napoleon alipopindua Jamhuri Desemba 1851, akaishi uhamishoni hadi Septemba 1870. Kutoka huko aliandika mwaka 1859 kumtetea John Brown, aliyehukumiwa kifo Marekani kwa kupigana na utumwa. Mwaka 1867 ukumbi wa Odéon ulipokusudia kuionyesha tena Ruy Blas, serikali ya Napoleon wa Tatu ilikataza. Ilirudi jukwaani Februari 1872, Sarah Bernhardt akiwa malkia, na Aprili 1879 ikaingia katika Comédie-Française, ukumbi wa taifa.

Wiki chache tu baadaye, tarehe 18 Mei 1879, mshairi huyo alizungumza katika karamu ya kukumbuka kufutwa kwa utumwa, Victor Schoelcher akiwapo. Aliwaambia wasikilizaji wake kwamba Afrika haina historia, na kwamba Ulaya iende ikaichukue nchi hiyo, ipeleke huko watu wake waliozidi, na hivyo imalize matatizo yake ya kijamii. Alisema hayo katika sherehe ya uhuru wa watumwa, tena kwa nia ambayo yeye aliiona kuwa njema. Miaka mitano na nusu baadaye mabeberu walikaa Berlin kuigawana Afrika, nao waligawana kama mawaziri wa sehemu ya tatu walivyogawana chumvi na tumbaku. Mkutano ule ulikwisha Februari 1885. Hugo alikufa Mei mwaka huo akazikwa Panthéon kwa heshima zote za taifa.

Shule iliyomfanya Hugo kuwa mshairi wa kila mtoto wa Kifaransa ilijengwa kwa sheria za Jules Ferry za mwaka 1881 na 1882: elimu ya msingi bila malipo, ya lazima, isiyotawaliwa na kanisa. Hayo yalikuwa maendeleo ya kweli kwa watoto wa wakulima na wafanyakazi wa Ufaransa. Ferry huyo huyo ndiye aliyeongoza utekaji wa Tunisia na Tonkin, na Julai 1885 alilieleza bunge kwamba jamii bora za watu zina haki juu ya jamii duni. Mkono mmoja ulimpa mtoto wa Paris kitabu, na mkono mwingine ukatia sahihi ya kuteka nchi za watu.

NAMNA YA KUIFUNDISHA

Kutokana na hayo tunaweza kumpendekezea mwalimu mambo manne.

Kwanza, mchezo usomwe wote, na ikiwezekana uigizwe. Ushairi wa jukwaani ni wa kinywa na sikio. Mwalimu Nyerere alipotafsiri Juliasi Kaizari mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi mwaka 1969, alithibitisha kwamba Kiswahili kinaweza kubeba tamthilia ya ushairi kutoka mbali bila kupinda mgongo. Wanafunzi wajaribu wenyewe kuitafsiri hata kurasa mbili. Watajifunza mengi kuliko kwa kukariri muhtasari.

Pili, hotuba isifundishwe kamwe bila leso. Mwanafunzi mmoja aiseme hotuba, mwingine aiangushe leso, kisha darasa lijadili: Ruy Blas angefanya nini ili asilazimike kuinama? Jibu la kwamba angekuwa jasiri zaidi lisikubaliwe upesi, maana ujasiri alikuwa nao.

Tatu, waulizwe ni nani hawamo jukwaani. Watumishi wengine wako wapi? Wakulima waliokamuliwa wako wapi? Wale waliobadilishwa kwa aseniki wako wapi?

Nne, mwandishi asitakaswe wala asitukanwe. Awekwe katika tabaka lake na wakati wake, na mgongano uliokuwamo ndani yake uonyeshwe waziwazi: mtu aliyempa mtumishi ulimi mbele ya mawaziri, na ambaye aliwahimiza wenzake kuichukua nchi ya watu wengine. Anayeuficha upande mmoja anasema uongo, hata kama nia yake ni kumwenzi au kumpinga.

Ndugu msomaji, kijana anayekwenda kushika kazi ya umma atakutana na meza kama ile ya Madrid, wakubwa wakigawana, na huenda atatamani kusema kama Ruy Blas alivyosema. Na aseme. Lakini kabla ya kusimama ajiulize jina analolitumia ni la nani, ameletwa na nani, na iko wapi ile karatasi aliyoandika siku ya kwanza kwa mkono wake mwenyewe. Kama hawezi kujibu, basi ajue kwamba mahali fulani kuna mtu anayesubiri kuangusha leso.